Baba Hakuwamo Kwenye Hesabu

Ninaikumbuka Jumamosi ile, mwanangu, nilipovuka kivuko cha Kigongo kwenda kwetu upande wa Busisi, nimevaa viatu vya mjini na furaha ya msichana aliyesifiwa kazini. Nimeikumbuka tena jana, uliponionyesha kwenye simu yako idadi ya watu walioingia kwenye tovuti yenu, ukasema vijijini hakuna anayewasoma, bora muwaache watu wa huko. Kaa hapa kidogo. Chai bado ya moto.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Mambo yalikuwa ya soko huria, hata dawa ya josho, ya kuogeshea ng'ombe ili kupe wafe, serikali ilikuwa imeacha kugawa, mfugaji ajitafutie mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeajiriwa na ofisi ndogo Mwanza mjini, yenye kurasa mbili kwenye mtandao. Mmoja ulikuwa wa Kiingereza, wa wageni na wafadhili. Wa pili ulikuwa wa Kiswahili, ukieleza kila wiki josho gani lina dawa na chanjo ya ng'ombe inapatikana wapi. Fedha zikapungua. Mkuu wetu, mama mmoja wa Bukoba tuliyemwita Mama Koku, akaniambia, "Minza, angalia ni ukurasa upi unasomwa. Mwingine tutaufunga."

Nikaangalia. Kompyuta inayotunza kurasa iliandika mstari kila ilipoombwa ukurasa: namba ya mashine iliyoomba, saa, na kilichoombwa. Kulikuwa na njia nyingine pia. Kampuni moja ya nje iliwaomba watu wachache waweke kiprogramu kwenye kompyuta zao, nacho kikawafuata kila walikokwenda mtandaoni. Kwa hao wachache, kampuni ikakisia dunia nzima inasoma nini. Njia zote mbili zilisema neno moja: Kiingereza kina wasomaji, Kiswahili karibu hakuna. Nikaandika taarifa, nikapendekeza ukurasa wa Kiswahili ufungwe. Mama Koku akasema ni kazi safi, atatia saini Jumatatu.

Basi nikafika nyumbani. Baba yangu alipenda utani kuliko ugali. Nilipomwamkia aliitikia, "Marahaba. Naona kompyuta bado hazijakumeza." Jioni tukiwa tunakula, akawa anapanga na kaka yangu safari ya josho.

"Tusiende hapa jirani," alisema. "Halina dawa. Tutawapeleka lile la mlimani."

"Umejuaje, baba?"

"Karatasi imesema."

"Karatasi gani?"

"Si ile ya Mwanza! Wewe unakaa huko huijui? Mwalimu anatusomea mnadani. Isingekuwa karatasi hiyo, mwaka jana ndama wote wangekwisha kwa ndigana ya kupe."

Nikarudisha tonge sahanini, mwanangu. Nikauliza polepole mpaka nikaelewa. Mwalimu wa shule yetu ya msingi alikuwa na mke aliyekuwa akisoma chuo cha ualimu Butimba, kule Mwanza, na kila mwisho wa juma mwalimu alivuka kwenda kumwona. Njiani alipita kwenye duka moja la kompyuta. Mwenye duka aliogopa gharama za simu, maana mtandao wa siku hizo ulipita kwenye laini ya simu, kwa hiyo alifungua ukurasa wetu mara moja, akauhifadhi, akakata laini, kisha akamchapia kila aliyeutaka. Kwetu ofisini alionekana mgeni mmoja tu. Karatasi ikavuka ziwa, ikafika mnadani, mwalimu akapanda juu ya mkokoteni akaisoma kwa sauti, na waliosimama nyuma wakamwomba arudie. Kila mmoja akaipeleka nyumbani kwake ikiwa kichwani. Wanasema sikio halilali na njaa. Sisi tulikuwa tumekaa mlangoni tunahesabu wanaoingia, na wahenga walishatuambia nyumba njema si mlango.

Nikamwambia baba, "Huko ofisini wanasema hakuna anayeisoma. Wanataka kuifunga." Nilisema "wanasema". Sikuthubutu kusema "mimi".

Aliniangalia kidogo. Nadhani alielewa.

"Minza, jioni nikihesabu ng'ombe zizini nikamkosa mmoja, huwa nasema amekufa?"

"Hapana, baba."

"Huwa nafanyaje?"

"Unakwenda kumtafuta."

"Haya." Akanisogezea kibuyu cha maziwa, akarudi kwenye habari za josho. Hakugomba. Angegomba, ingeniuma kidogo kuliko upole ule.

Jumatatu nilimkuta Mama Koku ameshika kalamu. Nikamwomba asitie saini.

"Kwani umekosea kujumlisha?"

"Hapana, mama. Tumewahesabu wenye kompyuta, tukasema tumehesabu watu."

"Na hao wengine unawajua?"

"Mmoja wao ni baba yangu."

Alifunika kalamu, akaniambia nikae. Ukurasa wa Kiswahili ulibaki. Wa Kiingereza ndio tuliupunguza, nasi tukaanza kwenda minadani kuuliza watu kwa midomo yetu.

Mwanangu, sikuambii utupe hesabu zako. Hesabu ni kitu kizuri, na mashine haisemi uongo kwa makusudi. Ila kabla hujauliza ni wangapi, uliza kwanza ni nani aliyeweza kuhesabiwa. Familia inayotumia simu moja, mashine inaiona kama mtu mmoja. Kijana anayemsomea bibi yake, bibi haonekani kabisa. Na mwenye simu tatu anaonekana watu watatu! Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo ilivyo, na ndivyo watu wanavyonyimwa haki yao bila hata mtu mmoja kuwa na roho mbaya. Ukimkosa mtu kwenye hesabu, usimzike. Toka ukamtafute.

Baba alifariki bila kugusa kompyuta hata kwa kidole. Hakuna hesabu ya mtandao duniani iliyowahi kumwona, na bado ndiye msomaji niliyempenda kuliko wote.

Nenda sasa, chai yenyewe umeiacha ikapoa. Mungu akuzidishie akili, akupe na miguu ya kuwafuata wasioonekana. Na utakapozeeka kama mimi, asikosekane wa kukuhesabu.