Fundi Nguo wa Kwenye Tableti

Harufu ya plastiki mpya iliyopata joto la mikono hunirudisha darasa la nne, Likasi, siku mwalimu wetu Madame Odette alipogawa tableti, moja kwa watoto sita. Tulitakiwa kutunga hadithi ya nyumbani kwa picha na sauti, na msikilizaji achague njia: akibonyeza kikapu anamfuata mama sokoni, akibonyeza barabara anamfuata baba kazini.

Wenzangu walishangilia. Mimi, msomaji wangu, ni mtu wa shaka tangu kuzaliwa. Hata leo nikipewa zawadi huichungulia chini kwanza. Nilimsikia Madame akimuuliza kila mtoto baba yake hufanya kazi wapi. Kikulacho ki nguoni mwako, niliwaza. Baba yangu alichimba shaba kwenye mgodi wa Kamatanda, upande uliopigwa marufuku, na wiki ileile majirani wetu wawili walikuwa wamekamatwa huko.

Nilimweleza mama, naye akaacha kutwanga sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni.

"Ile kintu inakamataka sauti ya batoto, inaipelekaka wapi?" aliuliza. "Ngalula, bakikuuliza kazi ya papa, usiseme. Kinywa ya mutoto njo inafungishaka batu. Na papa usimuambie, atakukatalia masomo."

Kunyamaza kabisa kungezidisha shaka, nikaona bora uongo ulioiva. Saa ya mapumziko, zamu yangu ya tableti ilipofika, nilivuka nayo hadi kwa fundi wa nguo mkabala na shule, nikapiga picha mikono yake na kurekodi cherehani yake ikinguruma. Kisha nikasema kwa sauti yangu ya kanisani kwamba baba yangu ni fundi wa nguo. Nilijiona mjanja kuliko serikali.

Nilichosahau ni siku ya wazazi. Baba alikuja amevaa shati la ibada, kucha amezisugua mpaka zimekuwa nyekundu. Akabonyeza barabara. Cherehani ikalia, sauti yangu ikafuata. Akabonyeza tena. Mimi nilikuwa nikimpeleleza Madame kama ameamini. Uso wa baba sikuutazama. Alimrudishia mwalimu tableti kwa mikono miwili.

"Anasema muzuri, Madame."

Tangu siku hiyo aliacha kupita mbele ya shule akitoka kazini na vumbi lake. Alizunguka kwa njia ndefu. Nikafurahi, nikidhani baba naye ameshtuka, anawakwepa wapelelezi. Wapelelezi hawakuja kamwe. Madame alikuwa akitafuta hadithi tu.

Miaka ikapita. Asubuhi ambayo watu wa mchumba wangu walikuwa wanakuja kujitambulisha, baba aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa ameshavaa suti. Aliniuliza taratibu, bila hasira yoyote:

"Ngalula, bale benye kukuya leo, ulibaambia miye natumikaka kazi gani? Uniambie mbele, nisikuaribishie."

Ndipo nilipoelewa ile njia ndefu aliizunguka kwa ajili ya nani. Niliumia, nikalia na gauni langu jipya, nikamweleza yote, mama akiwa shahidi. Baba aliitikia kwa kichwa, akanifuta machozi. Mpaka leo sijui kama aliniamini.