Simu ya Kumwona Dunia

Mariana Kashindi alikuwa akizungumza na mdogo wake kwa mikono tangu wakiwa watoto. Dunia aliugua homa ya uti wa mgongo huko Kongo, kabla hawajavuka ziwa kukimbia vita, na alipopona hakusikia tena. Hakuna aliyewafundisha alama. Walizitunga wenyewe kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kwenye foleni ya maji. Mama ilikuwa kugusa ndewe ya sikio, pale penye hereni. Kulala ilikuwa kuweka kiganja shavuni na vidole vimekunjwa. Kufa ilikuwa kiganja hapohapo, ila vidole vimenyooka. Alama ya kufa waliihitaji mapema.

Baadaye Mariana aliolewa na mvuvi wa Bangwe, kando ya ziwa, akawa anaanika dagaa ufukweni. Dunia alibaki kambini, akaolewa na Heritier, kijana mpole aliyejifunza kwanza alama zao zote ndipo akaja kuposa. Kisha Dunia na Heritier wakapata safari, kama watu wa kambini wanavyosema mtu anapopelekwa nchi ya mbali kuanza upya. Dunia aliondoka akiwa na mimba kubwa.

Siku hiyo simu ya vitufe ya Mariana ikawa haina kazi. Dunia hasikii, na kusoma hajui. Wangezungumzaje kama hawaonani?

Dagaa walipokuja wengi, Mariana alipanda kwenda Mwanga, mtaa wa madukani, akaingia kwenye duka la simu. Muuzaji, kijana nadhifu aitwaye Bonaventura, alimkaribisha kwa kiti.

"Nataka simu ya kuonana na mdogo wangu," Mariana alisema. "Ni kiziwi. Tunaongea kwa mikono, kwa hiyo nataka vidole vionekane vizuri, vyake na vyangu."

"Mama, umefika." Bonaventura alichomoa boksi linalong'aa. "Hii hapa. Nyuma ina kamera nne, spika yake inapasua, ukifungulia muziki mtaa mzima utajua."

"Na vidole?"

"Kila kitu mama. Niamini mimi, hii ni kazi yangu."

Mariana alimwamini. Kijana alivaa kitambulisho shingoni, aliongea bila kusitasita, na Mariana mwenyewe hakujua simu inapimwaje. Alilipa, akashuka Bangwe nayo imefungwa kwenye kitenge.

Tangu mwanzo picha ilikuwa na ukungu pande zote mbili, kioo kikivichanganya vidole vya Dunia. Mikono ya Mariana ikitembea, upande wa pili kilionekana kivuli tu, na Dunia alikuwa akirudiarudia alama ya "sikuoni". Mariana alifikiri ni ugeni wa simu. Mtoto akazaliwa, wa kiume, naye Mariana alimwona kwa mbali kama furushi la nguo.

Halafu asubuhi moja Dunia alipiga akiwa hospitali, macho yamemvimba. Alionyesha mtoto. Aliashiria kisu kikipita tumboni. Kisha akaweka kiganja shavuni.

Mariana alisogeza simu karibu na uso. Vidole vilikuwa vimekunjwa au vimenyooka? Alimwomba arudie. Dunia, kwa vile picha ya dada yake ilikuwa kivuli, hakuelewa anaombwa nini. Alifuta machozi, simu ikakatika.

Mariana aliwaacha dagaa wakiloa manyunyu. Alimpigia Heritier, hakupokea. Majirani waliomwona akihangaika walianza kuja kumpa pole naye akawafukuza. "Hajafa! Nani kawaambia amekufa?" Alikuwa akipiga kelele huku akimpigia Heritier tena. Jua lilipokuwa linazama nyuma ya milima ya Kongo, Heritier akapiga.

"Yaya," alisema, akimwita dada kama walivyozoea Kongo, "samahani, nilikuwa kazini. Mtoto amepasuliwa, utumbo ulikuwa umejikunja. Yuko salama. Alikuwa amelala kwa dawa. Dunia hajakuambia?"

"Ameniambia," Mariana alisema. "Mimi ndiye sikuona."

Kulipokucha hakwenda ufukweni. Alipanda Mwanga, akaweka simu juu ya kioo cha kaunta.

"Hii siyo niliyoomba," alisema.

Bonaventura aliiwasha, akaigusagusa. "Simu nzima kabisa, mama. Tatizo ni mtandao. Bangwe kule mtandao ni wa shida."

"Sawa. Tuuweke mtandao pembeni." Mariana alimpa simu. "Nirekodi kwa kamera ya mbele, hapa hapa, bila mtandao. Kisha niambie nimefanya nini."

Alisimama mbele yake, akaweka kiganja shavuni, mara hivi, mara vile. Bonaventura alitazama video, akarudia. Vidole vilikuwa vimeshikana kama uji.

"Umefanya kitu kilekile mara mbili," alisema.

"Mara ya kwanza nimesema mtoto amelala. Mara ya pili nimesema amekufa."

Wateja wawili waliokuwa wakichagua kava za simu waligeuka.

"Ni mwanga," Bonaventura alisema haraka. "Hapo una jua mgongoni. Ukitaka kuonekana, elekea kwenye mwanga."

Mariana alifikiri kidogo. "Hilo huenda ni kweli. Twende nje tulijaribu."

Walitoka barazani. Alielekea jua, wakarekodi tena. Sura ilionekana vizuri kuliko kwanza, lakini mikono ikianza kutembea, vidole vilipotea vilevile.

"Umenisaidia kwa mwanga, asante," alisema. "Sasa nisaidie kwa simu."

"Mama, tukianza kurudisha simu zilizotumika tutafunga duka. Chukua hizi earphone, zawadi."

"Earphone? Za kiziwi?"

Mmoja wa wateja alicheka. Mariana hakucheka. Alivuta kiti, akakiweka katikati ya mlango, akakaa.

"Mama, unaziba njia."

"Naziba. Niite polisi uwaeleze nilikuomba nini na ukaniuzia nini."

Ndipo mwenye duka, Mzee Mwinshehe, akatoka chumba cha nyuma. Mariana alimwamkia shikamoo bila kunyanyuka kitini, akamweleza. Mzee alitazama ile video, kisha akamgeukia kijana wake.

"Alikuambia ni ya kuonea mikono?"

"Aliniambia, mzee."

"Kwa nini ukampa hii?"

Bonaventura alitazama sakafu. "Hizi tunaongezewa kitu kidogo kwa kila moja tunayouza."

"Umesikia mwenyewe, mzee," Mariana alisema. "Sikukosea kutumia simu. Niliuziwa kwa ajili ya mfuko wake."

Mzee Mwinshehe alikubali kubadilisha. Bonaventura, kwa kutaka kujikomboa, alianza kusifu simu nyingine. Mariana alinyanyua mkono.

"Sifa baadaye. Washa kwanza."

Walirekodi kwa moja, akaikataa. Ya pili akaikataa. Mzee alikohoa, naye akaendelea kukataa. Aliyoikubali ilikuwa imekaa rafu ya chini, nene, ya mtindo uliopitwa, isiyong'aa. Ndani yake vidole vyake vilionekana kimoja kimoja, hata mikwaruzo ya magamba ya samaki. Hakuondoka nayo kabla ya kuijaribu. Aliweka laini yake, akampigia Dunia palepale barazani, uso juani.

Dunia alitokea akiwa bado hospitali, nywele timtim, mtoto kifuani. Alitazama kioo, akakaribia, macho yakamtoka. Akaashiria: Nakuona. Kisha papo hapo: Umekonda. Huli?

"Anasemaje?" aliuliza Mzee Mwinshehe.

"Ananigombeza," Mariana alisema, machozi yakimtiririka.

Walizungumza mpaka bando likaisha, wateja wakipita ubavuni mwake.

Siku hizi wanawake wa Bangwe wakitaka simu humwomba awasindikize. Akiulizwa kama wauzaji ni wa kuaminika, hujibu kwamba yule kijana alimdanganya kuhusu simu na akamwambia kweli kuhusu jua, na yote mawili aliyajua kwa kujaribu. Wiki iliyopita alipanda tena Mwanga na shoga zake. Bonaventura alipowaona wakivuka barabara, alianza kuwasha simu za kujaribia bila kuambiwa.