Skrubu Iliyonasa kwa Haji Mokim

Siku nilipomwona Gofran Mia kwa mara ya kwanza nilikuwa nimesimama kwa mguu mmoja, na nusu ya uchochoro wetu wa mafundi saa wa Patuatuli ilikuwa imesimama hivyo hivyo.

Nilikuwa mgeni pale. Nilikodi meza ya kuuzia mikanda ya saa ya ngozi, na asubuhi nzima sikuwa nimemsalimia mtu, maana kusalimia nisiowajua hunitoa jasho. Ghafla sauti ikapaa: "Imeanguka!" Wachukuzi wakasimama na mizigo kichwani. Muuza chai akaganda, birika likiwa hewani. Mtu mwembamba mwenye lenzi jichoni, ndiye Gofran, akatoka kibandani akitambaa, tochi ameilaza sakafuni ili kila chembe itupe kivuli.

"Inueni miguu! Wewe wa mikanda, inua mguu."

Nikainua. Akautazama unyayo wa ndala yangu kama daktari atazamavyo ulimi.

"Huna kitu. Wa pili je? Taratibu, kaka, unarukaruka kama kuku aliyekanyaga kaa la moto!"

Watu wakacheka, nami nikatamani ardhi inimeze. Skrubu ilipatikana kwenye ndala ya mchukuzi mmoja, imejilaza kwenye mfereji wa mpira kama mwiba wa samaki. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya uchochoro. Skrubu za saa za Uswisi sumaku haizishiki, na mtu akiondoka nayo kwenye kiatu, imekwenda. Kwa hiyo fundi akipiga kelele, hakuna anayesogea mpaka nyayo zote zikaguliwe, awe mchukuzi awe mwenye duka.

Kazi ya Gofran ilikuwa mikanda ya chuma tu. Wenye nazo walimletea saa zilizonunuliwa ng'ambo, zinazocheza mkononi kama bangili ya kuazima. Yeye alitoa pingili moja au mbili, akabadilisha skrubu iliyolika kichwa, akaikaza kwa tone la gundi, na saa ikamkaa mwenyewe kama ngozi yake. Kibanda chake kilitazamana na meza yangu. Aliniita Tozu, akanitania tangu asubuhi hadi jioni, na kwa kuwa mimi si msemaji, alijijibu mwenyewe kwa niaba yangu.

Mtu mmoja tu alimnyamazisha. Haji Mokim alipopita na vijana wake kuchukua ada ya vibanda, Gofran aliinamisha kichwa mpaka lenzi ikagusa meza. Kabla yake kibanda kile kilikuwa cha fundi Lokman. Lokman alikwaruza kishikizo cha saa ya Haji, basi wale vijana wakauweka mkono wake wa kulia chini ya mlango wa kukunja wa duka, wakaushusha. Siku hizi Lokman anauza karanga bandarini Sadarghat. Anazipima kwa mkono wa kushoto.

Adhuhuri moja ya joto, Haji mwenyewe akaja akakaa kwenye kigoda cha Gofran, tambuu shavuni, vijana wawili nyuma yake.

"Fundi, skrubu hii ya juu imelika. Nibadilishie. Na mkono usitetemeke, mimi sing'ati."

Vijana wakacheka. Gofran akajaribu kucheka pia. Akaitoa ile mbovu, akachagua mpya, akainyanyua kwa kibano. Nikasikia: *tin*.

Sauti ile sasa niliijua. Nikaacha kushona, nikangoja "Imeanguka!" ili niinue mguu. Muuza chai naye alikwisha kuinua birika. Haikuja. Gofran alitazama sakafu, kisha akatazama kiatu cha Haji, kiatu cha ngozi chenye soli nene ya mpira. Nani atamwambia Haji Mokim ainue mguu? Mkono wa fundi ukaingia kwenye kikopo cha skrubu, ukatoka na nyingine. Akaifunga, akapangusa saa, akaitoa kwa mikono miwili.

Walipokwisha kwenda akashusha mlango nusu na kuniita.

"Tozu, nimemtilia fupi."

Sikuelewa.

"Mkanda ni mpana huku kwenye saa, mwembamba kule kwenye kishikizo. Skrubu za juu ni ndefu, za chini ni fupi. Ile ndefu ndiyo ilikuwa ya mwisho, nami nimetia ya chini mahali pa juu. Imeshika kwa uzi mmoja tu pale mwishoni. Haji akiupunga mkono, akiuosha, akipanda gari, inajifungua."

"Na saa ikianguka?"

Aliutazama mkono wake wa kulia, akaukunja, akaukunjua.

Tuliitafuta ile ndefu sakafu nzima kwa tochi, hata kwenye nyufa. Haikuwako.

Toka siku ile Gofran hakula. Mkate wa bakarkhani niliomletea ulikauka mezani. Pikipiki ikisimama mwanzo wa uchochoro, alidhani ni vijana wa Haji, na bisibisi ilimponyoka. Niliona jinsi alivyovuta kigoda chake mbali na mlango wa kukunja, kidogo kidogo kila siku, mpaka akawa anafanya kazi ukutani gizani. Nami niliogopa pamoja naye. Nilianza kumwota Lokman.

Mwishowe akaja mezani kwangu. "Nakwenda kwa Haji kabla saa haijaanguka. Twende wote, Tozu. Wewe huongei, hutaniharibia."

Tulifika alasiri. Kulikuwa na hitima ya marehemu mama yake Haji, na viatu vilijaa kizingitini. Gofran alisimama. Nilijua anachotaka kufanya, nikamshika shati, lakini alikwisha kuinama. Aliviona vile vya soli nene, akavigeuza. Pale, kwenye mfereji wa mpira, ndani ya tope, palikuwa na kitu kinachong'aa.

Mkono ukamkamata shingoni. Kijana mmoja wa Haji.

"Viatu vya msikitini mmevimaliza, sasa mmehamia majumbani? Na cha mwenye nyumba ndicho ulichokipenda!"

"Skrubu, ndugu yangu. Natazama skrubu tu."

"Hebu msikieni! Mwizi wa viatu ana kichaa pia!"

Kisomo kikakatika. Haji Mokim akatoka, kofia nyeupe kichwani, na saa mkononi. Niliiona kabla ya mtu yeyote: ile skrubu fupi imechomoza ubavuni mwa mkanda, inangoja tu kuanguka.

Gofran akasema yote, kiatu kikiwa bado mkononi. Haji alitafuna taratibu. Kisha akaivua saa.

"Kaa chini. Ifanye hapa hapa."

Gofran alifungua kifurushi cha vifaa alichokuja nacho, akaisafisha ile skrubu ndefu kwa upindo wa msuli wake, akaitia tone la gundi. Mimi nilimshikia tochi, naye akanishika kifundo cha mkono kuielekeza nuru. Mkono wake ulikuwa baridi kama chuma. Skrubu ikaingia yote.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Nilishindwa kukuambia uinue mguu, Haji."

Haji akacheka mpaka tambuu ikamtoka. "Lokman aliletwa. Wewe umekuja mwenyewe. Mtu kama wewe namhitaji." Akatoa kitambaa mfukoni, na ndani ya kitambaa saa nyingine. "Hii inanipwaya. Nipunguzie pingili. Kuanzia leo zote zitakuja kwako."

Gofran akaiweka chini ya lenzi. Akakaa nayo hivyo muda mrefu, kisha akaifunga tena kitambaani.

Njiani hakunitania hata mara moja. Tulipofika kibandani akasema kwa sauti ya chini, "Mwenye saa ile alikuwa na mkono mnene. Katikati ya pingili kuna nywele zake. Na kitu kilichokauka, na si mafuta. Hakuivua mwenyewe, Tozu."

Asubuhi aliipunguza, maana angefanya nini? Kijana akaja kuichukua, akampiga begani kama rafiki. "Kesho nakuletea nyingine mbili, fundi wetu."

*Fundi wetu*. Nilimwona Gofran akilirudia neno hilo midomoni bila sauti. Kijana alipopotea, akakusanya bisibisi, kibano na kikopo, akavifunga kwenye kitambaa. Kumbe tangu usiku alikwisha kumwagiza mkewe, aliyekuwa anamngoja na watoto kwenye riksho nje ya uchochoro.

"Unakwenda wapi, kaka?"

"Usiulize. Usichokijua hakitatolewa kinywani mwako."

Nilimbebea bunda mpaka mwisho wa uchochoro. Akaweka mguu kwenye riksho, kisha akaushusha.

"Inua mguu, Tozu. Kisije kikabaki kwako kitu cha saa ile."

Nikainua. Akatazama. Nikainua wa pili bila kuambiwa. Kwa mbali, pale kwenye birika la chai, yule kijana wa Haji, ambaye kumbe hakuwa ameondoka, alikuwa amegeuka anatuangalia.

"Huna kitu," Gofran akasema. "Rudi mezani kwako, na utembee polepole."