Mama Muganyizi Anageuza Ndala

Kila asubuhi, kabla hajawasha jiko, Mama Muganyizi anageuza ndala za watoto. Jioni tukiingia ndani tunazivua ovyo, moja huku, nyingine kule, nyingine imelala kifudifudi. Yeye anainama, anashika kiuno, anazipanga mbili mbili ukutani zikitazama barabarani. Za kwake anaziacha zikitazama ndani. Mwanzoni nilidhani ni usafi tu. Siku moja nikamuuliza, akasema, "Mtoto wa hapa yuko safarini, Rebeka. Akiamka aone njia."

Nyumba yake iko Igogo, juu kwenye mawe. Ukipanda kutoka barabarani unafika huna pumzi ya kupiga hodi. Yeye ni Mhaya wa Muleba, mjane, zamani alikuwa mpishi wa shule. Jina lake mwenyewe ni Specioza, ila hapa mtaani ukiuliza nyumba ya Specioza utazunguka mpaka jua lizame. Muganyizi ni mtoto wake wa kwanza, anayemfuata ni Prudencia, wote wako Dar na wanapiga simu Jumapili.

Watu wa ustawi wa jamii wanamwita mlezi wa kuaminika. Maana yake ni hivi: mtoto akiokotwa, au akikutwa anateswa nyumbani, au mama yake amelazwa na hakuna wa kumshika, wanamleta hapa ale na alale vizuri wakati wao wanatafuta ndugu. Mshahara hana. Alipotoka kwenye semina yao alisema, "Wamenifundisha kutompiga mtoto, hilo nilikuwa nalijua. Wamenifundisha na kumwachia akipata kwao. Hilo bado."

Mimi nililetwa nikae kidogo. Ndugu hawakupatikana, nikabaki. Shule niliishia la nne, lakini kukaa kimya na kuangalia sikufundishwa na mtu, na katika nyumba hii kuna mengi ya kuangalia. Mtoto mgeni akifika analia, Mama hambembelezi sana. Anamkalisha karibu na ndizi anazomenya, anampa beseni la maganda alishike, akimwita "wa kwetu" kwa Kihaya. "Shika vizuri, waitu, yasimwagike, hii kazi kubwa." Mtoto anashika. Baada ya muda unaona kilio kimebaki kwenye pua tu.

Afisa wetu ni Nestory, kijana wa pikipiki. Watoto wanamwita Bwana Ustawi. Pikipiki haifiki kwenye mawe, kwa hiyo anaiacha chini na kupanda na helmeti mkononi. Siku aliyomleta Shija alipanda na helmeti mkono mmoja na mtoto mkono mwingine.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Umeniletea nini leo, mgeni au njaa?"

"Vyote viwili."

Mtoto alikuwa mdogo, hata chekechea bado, amevaa fulana ya mtu mzima iliyofika magotini. Kisukuma chenyewe alikuwa nacho cha maneno machache. Alijipiga kifuani akasema "Shija." Akasema na "mayu", ndiyo mama. Basi. Alikutwa stendi ya Nyegezi amelala chini ya kiti cha nyuma, basi lilipokwisha kushusha watu. Kondakta alisema basi limetoka Katoro, na kila abiria alidhani mtoto ni wa abiria mwingine.

"Tutatangaza vipi?" Nestory aliuliza.

Mama ndiye aliyejibu. "Si mmejua jina? Tangazeni anatafutwa Mama Shija."

Wakatangaza. Katoro, Geita, kanisani, msikitini, redioni. Nestory alikwenda Katoro mwenyewe akazunguka sokoni na picha kwenye simu, akarudi amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Mama Shija hakutokea.

Miezi ikapita. Shija akawa wa kwetu kwa namna ambayo wengine hawakuwa. Alimfuata Mama nyuma mpaka jirani mmoja akawa anauliza, "Mama Muganyizi, mkia wako leo uko wapi?" Mama akienda kwaya, Shija yuko. Mama akigombana na kuku, Shija anagombana nao kwa Kisukuma. Lakini alikuwa na tabia moja iliyomkera Mama. Hakumaliza chakula. Kila mlo aliacha matonge mawili pembeni ya sahani, au vipande viwili vya ndizi, amevitenga vizuri. Ukivigusa alilia. Mama alimpeleka zahanati akapewa dawa ya minyoo. Akarudi, matonge mawili pembeni.

"Maliza, baba. Ukimaliza nakupigia makofi."

Hakumaliza.

Wiki moja Nestory alikuja, akakaa, akazungusha helmeti magotini. "Mama, ndugu hatujapata. Shauri tutalipeleka mahakamani Jumatatu ijayo. Ukikubali, uandikwe wewe kama mzazi wake wa kudumu. Sasa sijui umri, sijui afya..."

"Umri wangu umekukosea nini?"

"Hapana, nauliza tu."

"Nimekubali," Mama akasema, akainuka haraka kwenda jikoni. Nilimfuata nikakuta anatabasamu na sufuria tupu.

Sasa Jumamosi kabla ya ile Jumatatu, Mama Masalu alipita na beseni lake la mapanki, ile mifupa na vichwa vya sangara vinavyotoka viwandani. Huyu ni Msukuma, na utani wake na Wahaya hauna mwisho.

"Mwangaluka! Wenye Kiingereza chenu mmeamka?"

"Tumeamka, ila leo mapanki yako yamelala," Mama akajibu.

Shija alikuwa amekaa mlangoni anakula. Kuku akanyemelea sahani, akadonoa tonge moja la pembeni. Mtoto akaruka, akapiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia kwake. "Wa Kulwa! Wa Doto!"

Mama Masalu akashusha beseni. "Kumbe huyu kwao kuna mapacha?"

"Mapacha gani?"

"Si umesikia? Anawawekea Kulwa na Doto. Na yeye ni Shija. Kwetu anayezaliwa nyuma ya mapacha ndiye Shija. Ulidhani jina lake waliliokota?" Akacheka. "Nyie Wahaya mmesoma mpaka mkapitiliza. Mmetangaza mnamtafuta Mama Shija, nani anaitwa hivyo? Mwenye Kulwa anaitwa Mama Kulwa mpaka anazikwa. Hebu niambie, wewe kuna mtu anakuita Mama Prudencia?"

Mama alifungua fundo la kitenge, akatoa hela. Alinunua mapanki ambayo hatukuyahitaji, Mama Masalu akajitwika beseni akaenda zake.

Tulibaki wawili na mtoto. Mama aliosha yale mapanki, akayaosha tena.

"Umesikia, Rebeka?"

"Nimesikia, Mama."

"Nyamaza kwanza."

Nikaokota sahani ya Shija. Usidhani nilimwona mbaya. Nilimwona kama mtu aliyebeba ndoo imejaa, anaogopa hata kugeuza shingo. Jumatatu ilikuwa karibu sana. Angekaa kimya kidogo tu, Shija angekuwa wake kwa karatasi na kwa jina.

Jumapili asubuhi nilitoka nje nikaona ndala hazijageuzwa. Zilikuwa vilevile tulivyozitupa. Ya Shija moja ilikuwa juu ya ya Mama.

"Mama, ndala."

"Nimesahau," akasema, wala hakuinama.

Kanisani Shija alivaa shati jipya. Mama alilishona usiku kwa kitenge cha sare yake ya kwaya, kwa hiyo mtoto alipokaa karibu naye ukaona kama kipande chake kimedondoka. Watu walisifu. Mama alicheka na kila mtu, akaimba kwa sauti kubwa, na Mama kuimba hajui.

Mchana tulikula ndizi na yale mapanki. Shija alikula, akala, akafuta sahani kwa kidole. Akaiinua juu kumwonyesha Mama. Tupu. Pembeni hakukuwa na kitu. Alitabasamu akasubiri makofi yake.

Mama alimtazama. Niliona mikono yake imeinuka, lakini haikukutana.

"Na wa Kulwa?" akamuuliza polepole. "Wa Doto?"

Shija akamwangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoweka kitu. Halafu akacheka, akaiweka sahani kichwani kama helmeti.

Mama akanawa, akachukua simu, akatoka akasimama kwenye jiwe ambako mtandao unashika.

"Nestory, baba, najua ni Jumapili. Nisikilize. Kesho usiende mahakamani. Mtafute Mama Kulwa. Ndiyo, Kulwa na Doto, mapacha. Huyu ndiye aliyewafuata. Hapana, si Katoro tu. Kila basi linaposimama, njia yote." Akasikiliza. "Nimejua jana." Akahamishia simu sikio la pili. "Asante ya nini? Usinishukuru, tafuta."

Nestory alifuata barabara yote, kituo kwa kituo. Alikuja kutuhadithia mwenyewe. Alipofika Busisi, mwenyekiti wa pale alimwambia, "Mama Kulwa tunaye, mtoto wake mdogo alizama ziwani. Tulimtafuta na mitumbwi." Yule mama anauza mayai na karanga pale. Enzi za kivuko abiria walishuka, wakala, wakasubiri. Siku hizi daraja lipo, mabasi yanasimama kidogo tu, na wauzaji wanapandia mlangoni. Kulwa na Doto walipanda kuuza, mdogo wao akapanda nyuma yao. Wao walishuka. Yeye akabaki, basi likaondoka. Ndala yake moja ilikutwa upande wa maji, wakajua ameliwa na ziwa. Walishamwekea matanga.

Tulidhani Shija atapelekwa kesho yake. Kumbe Nestory alirudi Busisi peke yake kwanza. Aliangalia mtoto atalala wapi, akamuuliza yule mama nani atabaki naye akiwa barabarani. Akakuta mapacha wameacha shule ili wauze. Akakaa na mwenyekiti na mwalimu mpaka wakarudishwa darasani, na bibi wa jirani akakubali kushinda na Shija. Mama alikuwa anamhoji kila akija. "Chandarua?" "Kipo." "Bibi huyo anaona vizuri?" "Kuliko mimi, Mama." "Wewe huoni, ulikwenda Katoro."

Asubuhi ya safari Mama aligeuza ndala zote, za Shija akazifuta na kitambaa. Tukashuka, sisi wanne na Nestory akiwemo, tukapanda basi, tukavuka daraja. Shija alisimama kwenye kiti akitazama maji, akaanza kusema maneno mengi ya Kisukuma ambayo hakuwahi kuyasema kwetu.

Mama Kulwa alikuwa amesimama mlangoni kwake. Mwembamba, kitambaa kichwani. Hakukimbia. Alikuja polepole kama mtu anayeogopa kuamsha kitu. Alipiga magoti mbele ya mtoto, akasema, "Shija." Na Shija akajificha nyuma ya kitenge cha Mama.

Sura ya yule mwanamke siwezi kuiandika. Mama yangu akaona. Akamvuta mtoto kutoka nyuma, taratibu, akasema, "Usimwogope. Mayu huyo. Mimi ni bibi wa njiani tu."

Shija hakwenda. Tukakaribishwa ndani, tukakaa, Nestory akapewa yai la kuchemsha akawa anamenya kama kazi ya ofisi. Kisha mapacha wakaingia kutoka shuleni, wamevaa sare, wanahema. Walisimama. Mmoja akasema kitu, mwingine akamalizia. Shija akachukua yai kutoka mkononi mwa Nestory, likiwa nusu limemenywa, akalipasua, akampa Kulwa kipande na Doto kipande. Yule mama akaanza kulia kwa sauti, na Shija akageuka kumtazama, akamwendea, akamshika uso.

Mama Muganyizi akainuka. Nestory akataka kusema kitu, Mama akamkataza kwa jicho. Anasema mtoto akishafika, anayemlilia akimuaga anamfungua kidonda, na anayerudi kumsalimia anamgawa mara mbili. Kuja kuangalia ni kazi ya ustawi. Ya kwake inaishia mlangoni.

Pale mlangoni aliinama, akashika kiuno. Akachukua ndala za Shija, akazigeuza zitazame ndani. Akavaa zake.

Ndani walikuwa wanacheka jambo fulani, watoto wote watatu kwa pamoja. Mama alisikiliza kidogo, akakaza kitenge, akatoka uani akaenda barabarani bila kugeuka. Busisi hajarudi tena.