Rangi ya Plagi

Gereji nzima ilimwita Daktari, na haikuwa utani mtupu. Miaka ishirini na minane alipima kiasi cha petroli inayoingia kwenye injini kwa kusoma plagi: unapanda mlima kwa kasi, unazima injini ikiwa bado inavuta, unaegesha pembeni, unafungua plagi na kutazama ncha yake. Nyeusi, mafuta yamezidi. Nyeupe, injini ina njaa. Kahawia, nenda kalale.

Siku hizi usingizi wenyewe ulikuwa umemhama. Leo gari lilikuwa la mkwewe, lina tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa, na ile sensa ya bomba la moshi inayoiambia kompyuta mafuta yanatosha au la ilikuwa imekufa. Mpya ingefika baada ya wiki mbili. Kesho binti yake na mjukuu wangesafiri na gari hilo hilo, milimani. Tabo ikisukuma hewa na mafuta yakawa haba, pistoni huyeyuka, na gari huzimika popote lilipo, hata kwenye kona.

Walipanda mlima, mkwe akazima na kuegesha. Daktari akafungua plagi, akaishika kwa kitambaa, akaiinua juani. Akaisogeza karibu na pua. Akaipeleka kivulini.

Kijivu. Tangu mwaka jana rangi zilikuwa zikimponyoka moja moja, na hakumwambia mtu, hata mkewe. Afadhali mpishi asiye na ulimi! Mwezi mzima alikuwa akibahatisha magari ya watu na kusema "iko sawa", Mungu akimsitiri. Alikosea, tena sana, na alijua.

"Vipi baba, iko sawa?" mkwe akauliza.

Jibu la uongo lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Mwanangu, hii ina rangi gani?"

"Unanipima, baba?"

"Sikupimi. Sioni."

Mkwe akaipokea, akaigeuzageuza. "Nyeupe. Nyeupe pee."

Daktari akaketi kwenye changarawe.

"Na ningekwambia iko sawa?" akauliza hatimaye.

Mkwe alimtazama kama mtu asiyeelewa swali. "Si ningewapakia kesho, baba? Wewe ukishasema, nani anauliza tena?"

Daktari akafunika uso kwa mikono yake yenye grisi, akalia.