Nilipanga valise ya mama wiki muzima, kumbe safari haikuwa yangu

Admin, ficha jina yangu kabisa kabisa, juu Bunia ni kadogo na belle-soeur yangu, muke wa kaka yangu, anasomaka hii page. Na kama weye unasoma na unajitambua, soma mpaka mwisho, juu kuna kitu haujue.

Niko binti wa miaka ishirini na ine, ninaishi na mama hapa mu quartier Saio. Ninashona nguo. Hakuna mwenye alinifundisha: nilijifunza mu telephone, na nilikuwa ninafumua nguo ya zamani ili nione balishona namna gani. Mama iko na miaka sitini na mbili. Iko na tension ya damu, iko na sukari, na sasa macho, cataracte. Ananionaka kama moshi tu. Toka papa alikufa, ni mimi ninamupikia, ni mimi ninamupa dawa. Mara tatu balimulaza hospitali, mara tatu garde-malade ilikuwa mimi. Munajua kwetu mugonjwa hawezi kwenda kulala hospitali peke yake, lazima mutu alale chini pembeni ya kitanda, apike, afue, akimbie na ordonnance, karatasi ya docteur, kununua dawa. Ile mutu ni mimi! Familia yote inajua.

Basi kaka yangu mukubwa, ninamuitaka Yaya, iko na boutique, duka yake, mu quartier Nyakasanza, akasema mama aende Kampala bamupasue macho. Mi nikarukaruka kama mutoto! Sijavuka mupaka hata siku moja. Nikatafuta laissez-passer, nikarudishia ba clients vitambaa yao, nikabaambia nitarudi mama akiona.

Nikapanga wiki muzima. Bassine, sufuria mbili, drap ya kitanda, thermos, samaki ya kukauka, unga ya muhogo, juu mama anakataaka chakula ya batu bengine. Kisha dawa. Ile nilifikiria sana. Nikamushonea kitambaa ya mifuko tatu: mufuko ya asubui butoni moja, ya midi butoni mbili, ya mangaribi butoni tatu. Akigusa na vidole anajua. Tulifanya mazoezi.

"Na hapa, mama?"

"Moja, mbili... midi."

"Na hapa?"

"Mangaribi. Eh! Weye sasa docteur, utuandikie na ordonnance!"

Tulicheka mpaka akakohoa.

Siku ya safari, asubui, Yaya anafika na gari. Belle-soeur amekaa mbele, amesuka nywele mupya, valise yake iko nyuma. Mi nikamusalimia, nikamuuliza: "Unatusindikiza mpaka ku bus?"

Akacheka. "Weye ndiye utatusindikiza, ma chérie."

Nikaangalia Yaya. Yeye anaangalia pneu ya gari. "Ni muke yangu atakwenda na mama. Iko na vitu ya boutique ya kuangalia kule Kampala. Na weye ukienda, nani atabaki ku nyumba?"

Nikageukia mama. Alikuwa amekaa ku kiti, amevaa ile kikwembe nilimupigia pasi. "Mama, ulijua?"

Akatengeneza kitambaa ya kichwa. Akaitengeneza tena. "Nilijua toka Jumapili, mbele uanze kupanga."

"Na uliniacha tu?"

"Sasa nani angepanga? Hakuna mutu anapangaka kama weye."

Jamani. Ile neno iliniingia kama sindano. Kama Yaya angenidanganya, sawa, Yaya ni Yaya. Lakini mama! Siku sita ananisikia ninakunja nguo yangu pembeni ya yake, na ananiambia "usisahau sweta, kule kuko baridi." Sweta ya nani, mama?

Sasa ndiyo kitu sijaambia mutu. Balikuwa inje banapakia bassine. Mi nikarudi ndani, nikafungua valise, nikatoa ile kitambaa ya butoni. Dawa nikarudisha mu maboîte yake, nikatia mu sachet ndani ya valise, basi. Nilijisemea: hii ni kazi ya mikono yangu, haitaenda na yule. Hakuna mutu nilimuelezea saa ya dawa. Hakuna mutu aliniuliza.

Siku ya tatu mama anapiga simu. "Binti yangu, ninapapasa valise yote. Kitambaa yangu iko wapi?"

Nikajibu: "Niliweka, mama. Uliza yeye."

Belle-soeur anaondoka asubui kuzunguka ku soko, anarudi mangaribi, anamupa mama dawa namna anafikiri. Siku ya opération docteur anapima tension: iko juu sana. Akakataa kumugusa. Yaya alimupigia muke wake kelele mu telephone mbele yangu: "Umepoteza kitambaa ya dawa ya mama yangu!" Yule analia, anaapa kwa batoto yake hajaona kitambaa yoyote. Na mimi nilikuwa ninakula. Sitabadanganya, nilikula muzuri siku ile.

Jana mama alipiga tena. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikukosea. Nilimuogopa Yaya, nikasema weye utanisamehe, juu unanisameheaka kila siku. Docteur atajaribu tena wiki ijayo. Njoo. Ninataka ukuwe pembeni yangu."

Yaya amekubali niende. Belle-soeur anarudi, na Yaya amesema akifika apite moja kwa moja kwa bazazi yake, hataki kumuona tena mu nyumba. Batoto yao ni bane.

Nikisema ukweli, Yaya atanikataza safari, na mama atabaki kule bila mutu. Nikinyamaza, mwanamuke anafukuzwa kwa kitu hakufanya, hata kama alinicheka. Na mama ananiomba pardon, mimi!

Ndugu zangu, munitukane, sawa, lakini kisha munishauri. Bus ni Alhamisi. Nipande na hii uongo, ao niseme? Na nianze na nani, Yaya ao mama?