Eustadia na Kioo Kisicho na Fahari

Mtaa wa Kabeza una watu wa kila namna, isipokuwa wasiojua. Eustadia alipofungua baa ya maziwa kando ya barabara ya uwanja wa ndege, kila aliyepita alikuwa na ushauri, na kila ushauri ulitolewa bure. Yeye alikuwa mjane, na ujane humgeuza kila mwanamume wa ukoo kuwa mhandisi.

Mhandisi mkuu alikuwa shemeji yake Rwema, karani wa serikali aliyekulia Kampala na kurudi na yakini ambayo mvua ya miaka mingi haijaifua.

"Shemeji, angalia magorofa ya mjini," alimwambia. "Vioo iko nyeusi, inang'aa. Wewe utauza maziwa nyuma ya kioo nyeupe kama ya chupa tupu? Weka nyeusi. Nyeusi inakula jua."

Hakusema uongo. Kioo cheusi kilikula jua kweli. Ila mlaji yeyote lazima akitoe mahali alichokula, na kile kioo kiliamua kukitolea ndani.

Mlango na dirisha la baa vilitazama magharibi. Kufikia alasiri ya kiangazi, humo mlikuwa na giza kama ghalani na joto kama tanuri la mkate. Jua lilimwagika nje bila malipo, naye Eustadia akawasha taa mchana kweupe, akinunua kwa mita kile alichokizuia mlangoni. Friji ilinguruma kama mtu anayepanda mlima kutoka Kimisagara na gunia la viazi kichwani. Lakini kwa nje, lo! Wapita njia walisimama kujitazama, wakarekebisha kola, wakaenda zao. Baa ilipendeza sana kwa watu wasiokunywa maziwa.

Wanywaji nao walipungua, kwa adabu. Kwa Wanyarwanda maziwa hayatukanwi. Mteja akipewa ikivuguto, ule mtindi wa kwao, akaukuta umechacha hadi maji yamejitenga, hakunji uso. Hunywa kidogo, hushukuru, huulizia afya ya watoto, kisha huhamia baa nyingine maisha yake yote. Eustadia, aliyekulia Karagwe ambako mtu hukwambia chai yako mbaya kabla hujaketi, alizipokea zile shukrani zote na kuziamini. Alishangaa tu jinsi watu wanaoridhika hivyo wanavyoadimika.

Aliyekuja kumtoa usingizini ni Mukandekezi, mukecuru, yaani bibi mzee, wa Kanombe mwenye ng'ombe, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyokuwa baa yenyewe. Hapakuwa na mwingine wa kumletea maziwa kama yale.

"Eustadia, wanasema kanisani maziwa yangu yanachacha."

"Nani kasema, mukecuru? Hapa hakuna aliyelalamika."

"Ndiyo hapo. Wameanza kunisifu kwa huruma." Bibi akauegemea mlango, akaruka nyuma akipuliza kiganja. "Yesu! Umeweka jiko mlangoni?"

"Ni kioo tu, mukecuru. Cha kisasa."

"Basi huo usasa uutafutie maziwa yake. Ng'ombe wangu wana jina. Nakupa mpaka mwezi huu uishe. Nikikuta bado yanachacha, nayapeleka kwingine."

Jioni ile Eustadia alikaa peke yake gizani, akihesabu viti vitupu. Kuna huzuni ya pekee katika kugundua kwamba umekuwa ukifarijiwa ukidhani unapongezwa.

Kesho yake alikwenda kwa Careen, Mkenya aliyesomea ujenzi na ambaye sasa aliuza vioo mjini. Careen hakueleza mengi. Aliwasha taa kubwa ya joto, akamwambia aweke mkono nyuma ya kioo cheusi. Eustadia akauondoa upesi. Kisha Careen akamwekea jozi ya vioo viwili vilivyoachana kidogo, viangavu kabisa. Eustadia alingoja kuungua. Mwanga ulikuwa umejaa kiganjani, lakini joto lilikuja kama fununu tu.

"Umeizima taa?"

"Sijazima, Mama. Uso mmoja, huku katikati, umepakwa utando wa madini mwembamba, jicho haliuoni. Mwanga unapita, joto jingi linarudishwa lilikotoka. Friji yako itapumua na taa utazima. Ila mlango ukiuacha wazi, usinilaumu."

"Kasoro yake?"

"Bei. Na ya pili: wageni hawatajua umekinunua."

Bei ilikuwa ya kumkalisha mtu chini. Eustadia alikaa, akalisamehe paa bovu la nyumba yake kwa mwaka mwingine, akasimama.

Vioo vilipofungwa, Rwema alikuja kukagua. Alisimama mbele ya dirisha, akainama, akanyooka.

"Shemeji, sasa kioo yenyewe iko wapi?"

"Unakitazama."

"Mi naona viti! Umetoa pesa yote hiyo, na watu wanaona viti?"

"Na waliokaa, shemeji, siku wakirudi."

Rwema alisikitika kwa niaba ya ukoo mzima. Alikuwa bado ndani akisikitika, siku ya mwisho ya mwezi, Mukandekezi alipoingia, jua la saa tisa likiwa mgongoni kwake. Hakusalimia sana. Alichagua kiti cha dirishani, penye mwanga mkali kuliko pote, akaketi kama hakimu.

"Nipe yaliyo mbele kabisa ya friji, karibu na mlango. Yaliyokaa tangu asubuhi."

Eustadia alimmiminia kikombe kikubwa. Wateja wawili waliobaki wakageuza viti vyao. Bibi akanusa, akanywa. Akapumzika. Akanywa tena, polepole, hadi alipoinua kikombe, kitako kikaitazama dari.

Rwema hakuweza kujizuia. "Lakini mukecuru, kioo ya bei hivyo, haionekani hata!"

Mukandekezi alijifuta povu mdomoni. "Wewe unaonekana sana, mwanangu. Umepoza nini?"

Mmoja wa wateja alipaliwa na maziwa. Bibi akaweka kiganja kwenye dirisha, akakiacha hapo muda mrefu, kisha akamgeukia Eustadia na kumuuliza kesho alete madebe mangapi.